Mwanga wa Chini ya Miti

Mzee aliyenifundisha kuutazama msitu alikuwa hatoi kamera mkobani mpaka macho yake yazoee giza. Tukishaingia chini ya miti mikubwa ya Amani, alitafuta mzizi mpana, akaketi, akavua kofia na kunyamaza. Mimi nilikuwa kijana, mbeba mkoba, na subira sikuwa nayo. Niliona jua limeshachomoza, ukungu umeanza kunyanyuka bondeni, na mtu aliyekubali kulala ugenini kwa ajili ya saa hiyo amekaa anatazama majani yaliyooza miguuni pake. Nikimhimiza, alinijibu kwa upole wake wa siku zote: "Tulia, mwanangu. Bado hatujaanza kuona."

Alisema kweli. Anayetoka kwenye jua la barabarani akaingia msituni huona weusi mtupu uliotobolewa na vipande vyeupe vya mbingu. Inataka muda jicho lifunguke. Hapo weusi ule huanza kugawanyika: kuna weusi wa shina lililolowa, kuna kijani kizito cha makangaga, kuna wekundu wa udongo pale nguruwe mwitu walipofukua usiku, kuna rangi ya majivu ya ukungu uliolala juu ya kijito. Waliopima wanasema sakafu ya msitu mnene wa mvua hupata asilimia 1 au 2 tu ya mwanga unaoangukia vilele vya miti. Asilimia hiyo ndogo ndiyo mtaji wote wa mpiga picha wa msituni, na sehemu kubwa ya ufundi wake ni kuiheshimu.

Watu wengi walimfahamu kwa studio yake ya Muheza mjini: picha za pasi, picha za Idi, maharusi waliosimama mbele ya pazia lililochorwa bahari na minazi. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba. Lakini biashara ikilala, hasa siku za kipupwe, alifunga mlango, akachukua kamera yake ya zamani, mikanda ya nyeusi na nyeupe, kiegemeo cha miguu mitatu alichochongewa na seremala, na kanga kuukuu ya mkewe, akapanda basi la kwenda Amani. Hakuna aliyemtuma. Hakuna gazeti lililomlipa. Alikwenda kwa sababu mwanga wa kule humjia mtu aliyepo tu, na aliona ni aibu upite bila shahidi.

Amani imo Usambara Mashariki, kwenye mwinuko wa mita 900 na zaidi, na Bahari ya Hindi haiko mbali. Kusi huja na unyevu wa baharini, hupita juu ya Tanga na mashamba ya mkonge, ukigonga milima hupanda, ukipanda hupoa, ukipoa huwa wingu, na wingu hilo huingia kukaa ndani ya miti. Mvua ya huko hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Mzee hakuwa na haja ya kipimo hicho. Alijua kwamba mvua ya mchoo ikinyesha jioni na usiku ukawa mtulivu, asubuhi bonde litajaa. Kwamba upepo ukiamka kabla ya adhana ya alfajiri, afadhali mtu aendelee kulala. Masika ukungu huwa mzito mno, hauna tundu, na picha hutoka bila umbo. Ukija msimu wa kaskazi hewa hukauka, jua hupenya likichoma, na msitu wote ukageuka madoa meupe juu ya meusi. Katikati ya hayo kuna asubuhi chache za mwaka ambazo kila kitu hukubali, naye aliziandika katika daftari la shule: tarehe, upepo, mvua ya jana yake, mahali, na mwanga uliingia kutoka upande gani.

Vitabu vya upigaji picha vilivyotoka Ulaya husifu sana mwanga wa asubuhi na jioni, na huandika kana kwamba mtu ana nafasi ya kunywa chai huku akiusubiri. Huko kwao inawezekana. Nchi za kaskazini wakati wa kiangazi jua hujikokota kando ya upeo na kuchukua muda mrefu kupanda. Sisi tulio nyuzi 5 tu kusini ya Ikweta jua letu hupanda karibu wima. Saa kumi na mbili na nusu liko nyuma ya kilima. Saa tatu limeshakuwa la kufulia nguo. Na ndani ya kipindi hicho kifupi, ile miale inayoonekana kwa macho ikikatiza kati ya mashina hudumu dakika chache, pengine haifiki hata dakika moja.

Maana mwanga wenyewe hauonekani ukipita ubavuni mwa mtu. Kinachoonekana ni vitone vya maji vilivyoning'inia hewani, vinavyoupokea na kuutupa machoni mwetu. Hewa ikiwa safi, mwale hupita bila kujulikana mpaka uguse jani au udongo. Basi ni lazima ukungu uwepo, lakini usiwe mwingi wa kuziba. Ni lazima jua liwe chini, lije kwa pembeni au kutoka mbele ya mpigaji. Na ni lazima kuwe na upenyo kwenye majani ya juu, mdogo, wenye kivuli pande zote. Halafu jua lile lile linaloufichua ukungu ndilo linaloupasha moto na kuufukuza. Mara nyingi nimeuona mwale ukitokea, ukanenepa, ukatulia juu ya kangaga moja, na kabla sijavuta pumzi ya pili umekwisha kuyeyuka, pamebaki msitu wa kawaida wa saa mbili asubuhi.

Kwa hiyo yule mzee alimaliza kazi yote kabla mwale haujaja. Alichagua mahali siku iliyotangulia, jioni, akiangalia majani ya juu zaidi kuliko vitu vya chini. Alisimamisha kiegemeo akakikanyaga kwenye udongo mpaka kikakaa. Alifunika kamera kwa kanga, kwa kuwa msituni mvua huendelea kudondoka kutoka kwenye majani hata mbingu ikiwa imefunguka, na kwa pindo la kanga hiyo hiyo, pamba iliyofuliwa miaka mingi ikalainika, alipangusa kioo cha lenzi. Kisha alingoja upepo uache. Katika giza lile, kwa mkanda wa taratibu na tundu la lenzi alilolibana ili shina la karibu na la mbali yote yatoke wazi, lenzi hubaki wazi kwa sekunde nyingi, na jani likitikisika katikati huwa moshi. Aliguswa na upepo mashavuni kabla haujafika kwenye makangaga, hivyo alijua kuusoma. Ukipita, alifungua lenzi, na hapo midomo ilianza kucheza bila sauti: alihesabu sekunde kwa tasbihi, subhanallah moja baada ya nyingine, na hakuwa na saa iliyomfaa kuliko hiyo. Aliongeza kadhaa juu ya zile zilizotakiwa, kwani mkanda huchoka. Ukifunguliwa kwa muda mrefu, wepesi wake wa kupokea mwanga hupungua, na asiyelijua hilo hurudi nyumbani na picha zilizozama.

Mara nyingi alishuka na mkanda uleule aliopanda nao, haukuguswa. Sikumsikia hata siku moja akinung'unika. Alisema tumeona, na ambacho hakikukubali kupigwa leo kimeonwa.

Picha moja aliitundika studioni nyuma ya meza, juu ya saa ya ukutani. Nimeitazama mara nyingi kuliko picha nyingine yoyote maishani mwangu, na bado naweza kuipita yote nikiwa nimefumba macho. Ni njia nyembamba ikishuka kuelekea bondeni. Kuna mashina manne. La kwanza liko karibu sana, limeshika ukingo wa kushoto kutoka juu hadi chini, ni jeusi. La pili limepauka kidogo. La tatu ni la majivu. La nne ni kisio tu, mtu anaweza kuapa halipo, mpaka arudi nyuma hatua moja. Ukungu huhesabu umbali kwa namna hiyo, ukimvisha kila mti nguo nyepesi kuliko ya jirani yake, na mzee alisubiri mpaka hesabu ikatimia. Kutoka kushoto, juu ya shina la pili, umeingia mwale mmoja mwembamba. Hauangukii njia, wala mti. Umeangukia ncha ya jani moja la kangaga, na jani hilo ndilo kitu pekee cheupe katika picha nzima.

Lakini mimi nilichokipenda zaidi ni ule weusi wa shina la kwanza. Ukiusogelea, unaona umejaa mambo: mipasuko ya gamba, kuvu ndogo zilizopandana, mtambaazi uliojishika kwa vidole, mchirizi wa maji uliokuwa ukishuka asubuhi ile. Alifungua lenzi kwa muda mrefu kuliko kawaida ili weusi upate kuandikwa, kisha katika chumba cha giza akapunguza muda wa mkanda kukaa kwenye dawa ili ule weupe wa kangaga usiungue. Alipoihamishia kwenye karatasi, alikinga kona moja kwa kiganja, akaacha nyingine inywe mwanga zaidi, akiamua kwa macho chini ya taa nyekundu. Alizitupa nyingi kabla ya kuikubali hii. Giza, kwake, lilikuwa na haki ya kuonekana kama giza, na vilevile lilikuwa na haki ya kuwa na kitu ndani yake.

Wateja waliokuja kuchukua picha za pasi walimwuliza mtu yuko wapi katika picha ile. Mzee hakubishana nao. Aliinuka, akarudisha bawa la dirisha ili mng'aro wa barabarani uondoke kwenye kioo cha fremu, akawaacha watazame. Nilishuhudia mama mmoja wa Kisambaa akisimama pale mpaka mwanawe akaanza kulia kwa kuchoka. Hakusema neno kuhusu picha. Aliuliza tu ni upande wa Kwamkoro au wa Mbomole.

Kabla ya kamera kuwepo, msitu ulikuwa umeshajua kupiga picha, na hili nililijua nikiwa mtu mzima. Tazama sakafu chini ya mti wenye majani mengi wakati jua liko juu. Utaona madoa ya mwanga, na madoa hayo ni duara, ingawa matundu kati ya majani hayana umbo la duara hata kidogo; yana pembe, yana ncha, yamevunjika. Kila doa ni sura ya jua lenyewe, limepita kwenye tundu dogo na kujichora chini. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufia Misri, aliuchunguza mwanga upitao kwenye tundu dogo karne nyingi kabla ya mtu yeyote kufikiria mkanda, akaandika hasa kuhusu sura ya jua linapopatwa. Kila anayesimama msituni mchana amesimama ndani ya chumba chenye maelfu ya kamera.

Mzee alijua hivyo bila kumsoma mtu. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa. Kusini mwa nchi yetu, pande za Rujewa, watu waliona pete kamili ya moto. Sisi wa Tanga tuliona jua lililoliwa sehemu kubwa na kubaki hilali. Wakati huo miguu yake ilikuwa imekataa milima na studio ilikuwa mikononi mwa wengine. Misikitini watu walikuwa wanaswali, watoto mitaani wanagombania vioo vyeusi vya kutazamia juu. Yeye alimwomba binti yake atandike shuka nyeupe chini ya mwembe wa uani, akawekewa kiti pembeni yake.

Nilikuwepo. Yale madoa ya duara yaliyokuwa kila siku chini ya mwembe, ambayo hakuna aliyeyatilia maanani, yalianza kumegeka upande. Yalimegeka yote kwa pamoja, makubwa na madogo, mpaka shuka nzima ikajaa hilali, mamia ya hilali, zikipishana na kutikisika kila upepo ulipogusa majani. Mwanga wa uani uligeuka wa baridi, wenye kingo kali, hauna rangi niliyoizoea. Kuku walikusanyika. Mzee hakutaka kutazama juu hata mara moja. Aliinama, akaweka kiganja juu ya shuka, hilali zikamwangukia kwenye mishipa ya mkono, akazitazama mpaka zikaanza kujaa tena. Kamera ilikuwa ndani kwenye kabati, na hakuna aliyeiulizia. Katika maisha yangu yote ya kuandika na kupiga picha sijaona mtu aliyeuona mwanga kikamilifu kuliko alivyouona yeye siku ile.

Ufundi huu wa kupiga picha msitu una ukoo mrefu kwingineko. Katikati ya karne ya 19 Gustave Le Gray alibeba kamera kwenye msitu wa Fontainebleau, karibu na Paris, kupiga picha mialoni mizee, sehemu ileile wachoraji walikokuwa wakikaa siku nzima kufuatilia mwanga. Wachoraji hao walipigania miti isikatwe, na mwaka 1861 amri ya mfalme wa Ufaransa ilitenga zaidi ya hekta 1,000 za msitu ule kwa ajili ya sanaa. Mwaka huohuo, Marekani, Carleton Watkins alipanda Yosemite na nyumbu waliobeba vioo vya kupigia picha, kila kimoja kikikaribia upana wa mlango wa kabati, akaipiga miti mikubwa ya Mariposa. Picha zake zilitazamwa na wakubwa wa Washington ambao hawakuwahi kufika huko, na mwaka 1864 Lincoln alitia sahihi sheria ya kulihifadhi bonde lile pamoja na miti yake. Nawataja hawa wawili kwa sababu walifanya kazi kwa vyombo vizito na taratibu, na huenda uzito ule ndio uliowafanya watazame.

Kwetu kamera ilikuja na shoka. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea Amani mwaka 1902, na muda si mrefu reli ndogo ikapanda mpaka Sigi kushusha magogo. Nyumba ya stesheni bado ipo, sasa inapokea wageni wa hifadhi. Picha za enzi hizo nimeziona zilivyochapwa vitabuni. Zinaonyesha majengo, vitalu vya miche, gogo na watu waliosimama kando yake ili ukubwa wake ujulikane. Msitu umo ndani yake, ila umewekwa nyuma, kama pazia la studio. Mwanga wake haukumshughulisha aliyepiga. Ndiyo maana namhesabu mzee wangu wa Muheza, asiyejulikana na kitabu chochote, kuwa miongoni mwa wachache walioupiga msitu wa Usambara kwa ajili ya msitu wenyewe.

Leo vijana wanapanda Amani kwa pikipiki, na nafurahi wanapanda. Simu zao zinafanya mambo ambayo mzee asingeyaamini. Lakini simu hizi zina tabia moja inayoniuma: haziwezi kuvumilia giza. Mtu akibonyeza mara moja, ndani yake chombo kimeshapiga picha kadhaa, nyingine za mwanga mwingi na nyingine za kidogo, kikaziunganisha, kikavuta kila kivuli juu mpaka kikawa na mwanga sawa na mahali penye jua. Shina jeusi linakuwa la kahawia. Bonde lililokuwa na ukungu linakuwa kavu, kila jani linasomeka, hakuna lililo mbele wala nyuma. Mwale, kama ulikuwepo, unafifia, kwa kuwa kando yake hakuna tena weusi wa kuuinua. Aliyepiga anaona picha imetoka "safi", anaondoka. Hakukaa kiasi cha jicho lake kufunguka, kwa hiyo hana kumbukumbu ya kupinga kile simu ilichomwambia.

Baadaye, nyumbani, akiona msitu umekuwa mkavu mno, anatafuta programu ya kupachika miale. Miale hiyo hutoka mahali pasipo na upenyo, hupita mbele ya mashina ambayo yangeikata, huangukia chini bila kuwasha jani hata moja. Nimeiona kwenye kalenda, kwenye matangazo ya safari, kwenye kuta za hoteli. Walioitengeneza si watu wabaya. Wamenyimwa tu mtu wa kuwakalisha juu ya mzizi na kuwaambia watulie. Na sisi tuliokalishwa ndio tuliopaswa kuwakalisha.

Tungekuwa tunapoteza picha tu, ningenyamaza. Lakini lile lile tunalofanya kwenye simu tunalifanya kwenye msitu: tunaondoa kivuli. Mwanga wa chini ya miti hutengenezwa na majani yaliyo juu, tabaka baada ya tabaka. Hunywa wekundu na ubuluu, huachia kijani, huchuja, huchelewesha, hubakiza asilimia ile 1 au 2. Ukikata mti mmoja mkubwa, jua la saa sita huanguka hadi chini kama lilivyo, na ukungu hautulii tena pale.

Dughulushi analijua hilo kabla yetu. Ni lile ua dogo la urujuani ambalo afisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipata mwaka 1892 akampelekea baba yake, na mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wake katika vitabu vya mimea. Sasa linauzwa katika vyungu duniani kote, madirishani mwa watu wasiojua Usambara iko wapi. Hapa kwao hukaa juu ya miamba yenye kuvumwani, karibu na vijito, mahali ambapo jua huja kwa madoa na kuondoka. Miti iliyo juu yake ikifunguliwa, haliendi popote. Hukauka pale pale kwenye mwamba.

Na mahali palipofunguliwa na shoka miaka ya uchanaji mbao, mengi ya mapengo yamezibwa na musizi, mti ambao kwao ni Uganda na pande za Bukoba, ulioletwa Usambara kupandwa na tangu hapo ukajipanda wenyewe. Hondohondo hula matunda yake na kumwaga mbegu kila wanakoruka. Hukua upesi, na mtu anayepita kwa pikipiki ataona kijani na kuridhika. Ila kaa chini yake asubuhi ya ukungu. Kilele chake ni chepesi, majani hayafungani, na mwanga hushuka umetawanyika sawasawa kila mahali. Hakuna mwale, kwa kuwa hakuna tundu lenye kivuli pande zote. Chini ya misambu mikubwa ya asili iliyobaki, hatua chache kutoka hapo, mwanga wa zamani bado upo, na tofauti kati ya sehemu hizo mbili mtu huihisi usoni kabla hajaiona. Mahali pengine chini ya miti ya asili palifyekwa kupanda iliki, miti ikabaki michache ya kutoa kivuli, na iliki ilipochoka ardhi ikalimwa kitu kingine.

Haya yote mzee aliyapiga picha bila kujua kwamba anayapiga. Alirudi kwenye bonde lilelile mwaka baada ya mwaka, kwa sababu alilijua na alitaka asubuhi iliyo bora kuliko ya mwaka jana. Negativu zake zilijaa makopo ya maziwa ya unga, kila ukanda katika bahasha ya khaki, na juu ya bahasha tarehe na upepo kwa mwandiko wake wa chuoni. Mtu angeweza kuzipanga mezani na kuona vilele vikifunguka, musizi wa kwanza ukiingia katika kona ya kulia, ukungu ukirudi nyuma kutoka njiani kuelekea kijitoni. Sijui kumbukumbu nyingine ya mwanga wa bonde lile.

Alifariki, Mungu amrehemu. Chumba cha studio kilipangishwa kwa wakala wa pesa za simu, na makopo yakahamishiwa kwenye banda la kuni. Masika mawili yalipita juu ya mabati yaliyotoboka. Nilipokwenda kuyaomba, nilikuta mikanda imeshikamana ikawa pande moja, dawa yake imelainika na kuachana na plastiki, na kuvu imeandika juu ya kila sura. Nilijaribu kuibandua kwenye maji ya vuguvugu nikisaidiwa na kijana anayejua kazi hiyo. Kilichotoka ni vipande vyeupe. Familia haikufanya kosa ambalo nyumba nyingine isingelifanya. Hakuna aliyewaambia kwamba ndani ya makopo yale kuna kitu zaidi ya picha za pasi za watu waliokwisha kufa. Daftari la pepo na mvua lilipatikana, limeliwa na mchwa kuanzia ukurasa wa nyuma. Picha ya mashina manne ilinunuliwa na mgeni mmoja studio ilipofungwa, na binti wa mzee hakumbuki mgeni huyo alikuwa mtu wa wapi.